Tulipoposwa na Muungano

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, na wanaume wazima wenye ndevu zao walikuwa wamejifungia katika darasa moja hapa Kisumu wakinuniana juu ya chai. Usicheke. Ama cheka tu, hata mimi nilicheka baadaye, lakini siku hiyo nilikuwa na hasira.

Nikueleze walikuwa nani. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, na mjini tulikuwa na makundi mawili ya wajamaa. Moja lilikuwa la watu wa gati, makuli na mafundi wa reli. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ogada, mtu mrefu, akiongea hapa mjini, kule kijijini kwetu Katito wanasikia. Bwana yangu alikuwa huko. La pili lilikuwa la walimu na makarani, na mkubwa wao alikuwa Mwalimu Obiero, wa miwani, anayesema polepole kama anayempimia mtoto dawa. Wote walitaka kitu kimoja, mnyonge apate ardhi, mshahara wa haki na shule ya watoto wake. Lakini kuketi pamoja? Aa, yawa! Kila kundi lilikuja na birika lake ili lisionje chai ya wenzao.

Kilichowakutanisha kilikuwa kikubwa. Wakubwa wa mji walikuwa wametangaza kwamba nyumba za udongo za upande wetu wa Nyalenda zitaondolewa, na nyumba yangu ilikuwa katika mstari huo. Vyumba viwili tu, lakini udongo wake niliukanda kwa miguu yangu, nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Uchaguzi wa madiwani ulikuwa unakaribia. Tajiri mmoja mwenye duka la mabati alikuwa akikusanya muungano mkubwa, wafanyabiashara, wenye mabasi, wazee wa kanisa, na sasa alitaka wajamaa pia, kwa sababu kura za gati zilikuwa nyingi. Alituma neno: njooni, tukishinda hakuna nyumba itakayoguswa. Ila jina lenu liacheni mlangoni. Humu ndani hakuna wajamaa wala nani, sote ni kitu kimoja.

Mwalimu Obiero akasema tuingie. "Bila diwani sisi ni kelele tu. Jina ni kitu gani? Tutalichukua tukishashinda."

Mzee Ogada akapiga meza, vikombe vikaruka. "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma! Mimi sili sahani moja na bepari."

Basi wakaanza kubishana. Unajua walibishana nini? Kama huyu wa mabati ni bepari mzalendo ama ni bepari kibaraka. Mmoja anasema mzalendo, mwingine anamwita msaliti, huyu anataja Urusi, yule anataja Uchina. Na mimi, ambaye nyumba yangu ndiyo inangojewa na trekta, nazunguka na birika mkono huu na birika mkono huu, nikimimina. Wazee walisema fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Hawakusema kwamba nyasi pia hutakiwa kuwapikia fahali chai.

Nikashindwa kunyamaza. Nikauliza, "Na yeye mwenyewe mmemuuliza ni bepari yupi? Nyumba zetu zikibomolewa, nani atauza mabati?"

Wanawake waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Mzee Ogada hakucheka. Akanitazama kwa macho mekundu, akasema mbele ya wote, "Nyar Katito, mimina chai. Haya ni mambo ya siasa."

Wewe umezaliwa hapa, wajua desturi yetu. Mwanamke akiolewa haitwi jina la bwana yake, huitwa binti wa kwao. Mimi ni wa Katito, basi ni Nyar Katito, mpaka kaburini. Nilikuwa nimeitwa hivyo mara nyingi na sikuwahi kulifikiria. Lakini siku ile lilinichoma, na lilipokuwa linanichoma nikaona dawa imo humo humo.

Nikaweka mabirika yote mawili sakafuni. "Mzee, umeniita nani?"

"Nyar Katito. Kwani si wewe?"

"Ndiye mimi. Nimeolewa kwa watu wenu, nimewazalia, nimewapikia, na nikifa mtanizika kwenu. Kuna siku bwana yangu aliniambia niache jina la kwetu mlangoni? Na kama angeniambia, baba yangu angemwambia nini?"

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Angemrudishia ng'ombe wake."

"Eeh! Sasa huyu mwenye mabati anatuposa. Mwalimu anataka tuolewe bila jina. Wewe Mzee unataka tuzeeke nyumbani kwa baba tukijisifu kwamba hatujaguswa. Mimi nasema tuolewe, lakini tuingie tukiitwa binti wa kwetu. Na mlango wa kwa baba tusiupigilie misumari, siku akitupiga tuwe na pa kurudi. Mwacha asili ni mtumwa."

Mwalimu akavua miwani. "Na bwana harusi akikataa jina?"

"Basi hakutaka mke, alitaka kijakazi. Mjue mapema."

Bwana yangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani tukifika nyumbani patakuwa na vita. Lakini njiani alichukua mabirika akayabeba mwenyewe, mwanamume wa gati, barabarani, watu wanaona. Hapo ndipo nilipojua nimesema neno.

Mzee Ogada na Mwalimu waliafiki neno langu, lakini usidhani walikubali wote. Wengine wa gati walisusa, wakasema nimewaletea mambo ya mahari badala ya mapinduzi. Na wengine wa Mwalimu walinyapa kimya kimya wakaenda kwa tajiri bila jina, kila mmoja peke yake, akitafuta kazi. Tuliobaki, Mzee Ogada na Mwalimu Obiero wakiwa mbele, tulimwendea tajiri tukamwambia masharti yetu. Alikunja uso, lakini alizitaka kura. Akaja Nyalenda, akapanda juu ya gari, akatutaja kwa jina letu mbele ya umati, akasema hakuna nyumba itakayoguswa.

Akashinda. Na kabla ya mvua, matrekta yakaja.

Wale walioingia bila jina walikwenda kumlilia. Aliwauliza, "Ninyi ni akina nani? Muungano ndio sisi, na sisi tumeamua." Wakatoka hivyo hivyo. Wangejiondoa vipi, na hakuna aliyejua kwamba wamo? Lakini sisi tulikuwa na cha kuondoa. Mzee Ogada alisimama sokoni na ile sauti yake, akatangaza kwamba wajamaa wa Kisumu waliahidiwa kwa jina na wamedanganywa kwa jina, na kwa jina hilo hilo wanatoka. Soko lote likasikia. Wauza samaki wakafunika beseni zao, wakatufuata.

Tulikaa milangoni mwa nyumba zetu, wanawake mbele. Mwalimu Obiero alikuja na suti yake ya kanisani, akanipa miwani yake nimwekee, akaketi mavumbini kando ya makuli. Hata wale waliosusa walirudi, wakinung'unika kwamba walituonya. Niliwaambia nung'unikeni, lakini kaeni.

Nyumba yangu ilianguka, mwanangu. Sikudanganyi. Askari walininyanyua kama gunia la mahindi, na nikiwa juu juu niliona ukuta unalala. Nililia kwa sauti. Lakini mstari mzima ulikuwa umejaa watu, kila mlango una watu wa kunyanyuliwa, na jioni ikawakuta askari hawajafika hata nusu. Wakaondoka. Kesho yake tulikuwa tumeketi tena, wengi kuliko jana, na hawakurudi.

Nyumba yangu niliijenga pale pale. Mwalimu alikunja suruali akakanda udongo, vibaya sana, Mzee Ogada akimkaripia. Na huku wanakanda, bado wanabishana yule tajiri alikuwa bepari gani.

Baadaye mambo yalikaza. Upinzani ukapigwa marufuku, Mzee Ogada akafungwa, na miaka ya sabini ilipoingia, kulitaja jina letu hadharani kulitosha kukupeleka ndani. Tulilitaja jikoni. Tulilitaja matangani, tukijifanya tunaomba. Nani angetufungia midomo yote?

Leo wewe na wenzako mmekuja kwangu mmegawanyika, ninyi vijana wa haki. Hawa wanasema tuingie muungano wa wakubwa, hawa wanasema tukiingia tumeoza, na hamsalimiani. Mnataka bibi awaambie nani ana haki. Siwaambii! Umoja ni nguvu, ni kweli, lakini anayeuimba sana mtazame mikono. Ungana na watu, nyathina, mwanangu, hata na usiowapenda, kwa maana peke yako utabaki safi na nyumba za watu zitaanguka. Lakini ukiingia, ingia na jina lako, sema mbele ya umati unachotaka, na uujue mlango wa kutokea kabla hujaonyeshwa kiti. Mwenzako aliyekataa kuingia usimwite adui. Yule aliyeingia usimwite msaliti mpaka umwone siku ya trekta ameketi wapi.

Nendeni sasa. Mungu awape wenzenu wanaowapinga usoni na kuwafuata vitani. Awape chakula cha jasho lenu na watoto wasioogopa kuuliza. Na siku wakubwa watakapowaambia mkae chini kabla hamjamaliza, Mungu awape magoti yasiyokunjika.