Friji ya Chanjo na Wikendi za Agosti

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha afya kule Koboko nilikabidhiwa friji ya chanjo na kipimajoto. Nyinyi wa siku hizi mmezoea friji za nguvu ya jua. Yetu ilitumia mafuta ya taa: utambi unawaka chini, baridi inapatikana juu, na moto ulitakiwa uwe mdogo, wa buluu. Asubuhi na jioni, kila siku ya wiki, nilisoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kati ya nyuzi mbili na nane, chanjo ni salama. Sikusomea kazi hiyo popote. Nilitoka Pajulu, nikajifunza kwa kusoma kijitabu cha friji mpaka kikachanika.

Agosti, karanga mpya zikivunwa, kila mfanyakazi alitaka wikendi ya kwenda kwa ndugu zake. Mimi nilikuwa na shangazi katika kijiji cha Dranya. Ijumaa moja jioni nilipandisha utambi ili baridi itoshe siku mbili, nikafunga chumba, nikaondoka na ufunguo mfukoni. Nilijiona mwangalifu kabisa.

Jumatatu nilikuta moto umezimika na mafuta yamekwisha. Kipimajoto kilisoma tano. Tano ni nzuri. Lakini boksi la chanjo lililoegemea upande wa barafu lilikuwa limelowa na kulegea, ishara kwamba kitu kiliganda pale kikayeyuka. Karatasi ilikuwa na nafasi nne tupu, na Jumatano tulipangiwa kuchanja watoto wa Dranya. Ningeandika tano mara nne, hakuna ambaye angejua. Niliiacha kalamu, nikamwita muuguzi mkuu.

Alikuwa mama Mnubi, sote tulimwita Hajati.

"Jumapili nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mutu, Hajati."

"Kumbe dawa iko yatima, wewe iko nakula karanga!"

Tuligandisha chupa moja ya chanjo hiyohiyo kwa makusudi, iwe ya kulinganishia. Kesho yake tuliiyeyusha, tukaitikisa pamoja na ile tuliyoitilia shaka, tukaziweka mezani. Chanjo nzima ya aina ile, ikitikiswa, hubaki nyeupe kama maziwa kwa muda. Iliyowahi kuganda hutua chini upesi. Zote mbili zilitua. Nilingoja makelele. Hajati alizungumza polepole.

"Hii sindano ingeingia kwa mtoto, mama anafurahi, halafu ugonjwa inakuja tu. Kesho wewe utaenda Dranya. Utaambia wamama kwa mdomo yako."

Kule Dranya, shangazi alikuwa amekaa mbele ya wamama wengine, na mjukuu mgongoni. "Jumamosi ulibeba karanga yangu, leo unaleta mikono tu?" Wanawake wakacheka. Nikaeleza kosa langu lote, bila kulipunguza, na kicheko kikaisha. Wiki iliyofuata walirudi, na chanjo mpya niliibeba mwenyewe.

Baadaye nilihamishiwa Arua, nikawa msimamizi wa bohari ya chanjo na mwalimu wa watunza friji. Niliwafundisha kwamba utambi haupandishwi kwa ajili ya safari. Anayesafiri huacha mtu. Kila Ijumaa ya Agosti nilimsimamisha wa zamu mbele ya friji, akanisomea kipimajoto kwa sauti, ndipo nikampa ufunguo.

Sasa nimestaafu, na wikendi zote ni zangu. Bado nazikumbuka zile za kazini kwa fahari zaidi. Nikirudi Jumatatu, nikakuta nafasi nne zimejazwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, nilijua kwamba nimepumzika kweli.