Bi Mize Alipotusalimia Getini

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na si siku niliyofunga bao. Katika umri wangu wote wa mpira nilifunga bao moja tu, na hilo langoni mwetu. Nilikuwa beki wa kulia wa timu ya vijana ya Zanzibar, kijana wa miguu myepesi na kichwa chepesi zaidi. Siku ninayoisema ilikuwa Ijumaa, na kesho yake tulikuwa tucheze na vijana wa Uganda hapa hapa Unguja.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmeitwa kambini, wa kiume na wa kike. Siku hizi, alhamdulillahi, hata mabinti zetu wanavaa jezi ya nchi, na wanaonuna wananuna peke yao. Nimefurahi sana. Basi kaa kidogo kabla hujaenda. Mzee akisema, si kwamba anajua mno. Ni kwamba ameshaanguka pale unapotaka kupita wewe.

Kambi yetu ilikuwa katika skuli moja ya Ng'ambo. Tulilala madarasani juu ya magodoro, tukila wali na maharage na kujiona wafalme. Kocha wetu alikuwa mwalimu wa skuli, mtu mkali na mcha Mungu, tukimwita Maalim Khatib. Ijumaa ile baada ya sala Maalim akaitwa mkutanoni na waandalizi wa mashindano. Paka akiondoka, panya hutawala. Akaja bwana mmoja wa kamati, jina lake nalisitiri kwa kuwa ana wajukuu, akatukusanya darasani na kufunga madirisha.

Akasema ametoka kwa mganga wake huko shamba. Wageni wamekuja na mambo yao, nasi lazima tujikinge. Sharti lilikuwa moja: tangu saa ile mpaka filimbi ya mwisho ya kesho, mchezaji asimpe mkono mtu yeyote asiye wa timu, wala asiitikie salamu yake.

"Mkono mtakaoushika ndio utakaochukua nyota zenu," alisema. "Hata awe mama yako mzazi. Watu wa karibu ndo wanaotumiwa. Atakayejibu salamu, tukifungwa kesho, lawama yake."

Kwa neno hilo la mwisho alitukamata. Hakuna aliyetaka kuwa yule mmoja aliyeifungisha nchi kwa kusema "alaykumu salaam". Tulikuwa ndio kwanza tumetoka msikitini, mwanangu, udhu haujatukauka, na tukakubali sote. Leo nikikumbuka nacheka, ila siku ile sikuona cha kuchekesha.

Kipa wetu alikuwa Pandu, kijana wa Makunduchi, mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana. Mama yake alifariki angali mchanga, akalelewa na bibi yake, Bi Mize, mkulima wa mwani. Kila saa Pandu alikuwa na neno la bibi yake: Bi Mize kasema hivi, Bi Mize hapendi vile, hata tukawa tunamtania kwamba kocha wetu wa pili yuko Makunduchi. Lakini mimi niliyelala godoro la jirani nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Gari la kambi lilimfuata Pandu ghafla, bibi yake akiwa baharini kwenye mwani wake, na akaondoka bila ya kumtaka radhi. Unajua kwetu mtu haendi kwenye jambo kubwa bila ya radhi za aliyemlea. Jambo hilo lilimkera asiweze kulala. Alikuwa akiniambia kwamba akifungwa kesho, atajua sababu.

Basi alasiri ile tulikuwa tumekaa barazani, hatua chache kutoka getini. Akaja bibi mmoja mfupi, kajitanda kanga, mkoba wa ukindu begani, miguu imejaa vumbi. Pandu alikuwa ubavuni mwangu, nikamhisi amekauka.

"Assalamu alaykum, wanangu," alisema yule bibi.

Hakuna aliyejibu. Vijana wazima, kila mmoja alitazama vidole vyake vya miguu.

"Pandu," aliita.

Mtoto wa Unguja akiitwa na mkubwa husema "naam" kabla hajajua anaitiwa nini. Nilimwona Pandu midomo inamcheza. Kisha akamtupia jicho bwana wa kamati aliyesimama mlangoni mwa darasa, akainamisha kichwa.

Bi Mize akangoja. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kosa lake kwenye nyuso za watu. Halafu akautua mkoba chini taratibu.

"Basi msalimieni Pandu mkimwona," alisema. "Mwambieni bibi yake kapita."

Akageuka akaenda zake. Nimewahi kupigwa daluga za mbavu, mwanangu, na hazikuniuma kama maneno yale. Tulipoufungua mkoba tulikuta mihogo ya nazi na pweza wa kukaanga, vya kutosha timu nzima. Waliosema wana njaa tangu adhuhuri, njaa iliwaisha pale pale.

Tukaingia mazoezini. Maalim aliporudi kutoka mkutanoni alikuta mipira ya kitoto inampita Pandu katikati ya mikono. Akapuliza filimbi.

"Pandu, unaumwa?"

Pandu akakaa chini langoni na kulia mbele yetu sote. Ikabidi Maalim aambiwe kila kitu. Bwana wa kamati alikuwa ameshatoweka, kama ilivyo desturi ya watu wa namna yake. Maalim hakupaza sauti. Tulikuwa tumejitayarisha kwa kelele, na ule upole ndio uliotumaliza.

"Kutoa salamu ni nini?" aliuliza.

"Sunna, Maalim."

"Na kuijibu?"

"Wajibu."

"Kumbe mnajua. Mimi nlidhani hamjui. Bibi wa watu katoka Makunduchi na chakula chenu begani mwake tangu asubuhi, nyie mkamnyima neno ambalo halina gharama. Sasa nnakuulizeni, nyota ya kumfichia bibi yako ni nyota ya nini?"

Maalim akamwambia Pandu avae ndara, na mimi niwafuate kwa kuwa niliona bibi ameshika njia gani. Wenzetu akawaacha pale na mipira. Maalim, mtu ambaye hata mvua ikimnyeshea alikuwa hakimbii, siku ile alikimbia mpaka kituo cha magari cha Darajani, kanzu kaishika mkononi.

Tulikuta gari la mwisho la Makunduchi limeshaondoka. Utingo wa gari jingine akatwambia bibi wa sifa hizo alimwona, lakini hakupanda. Hapo Pandu akanishika mkono. Bi Mize alikuwa na presha, mji haujui, na jua linakwenda kuzama. Simu za mkononi wakati ule walikuwa nazo wenye nazo, na yeye hakuwa mmoja wao.

"Akifikwa na jambo sasa hivi, nami sikumwitika," alisema Pandu.

"Nyamaza," alimwambia Maalim. "Muombe Mungu, usimfundishe."

Ndipo yule utingo akakumbuka. "Aliniuliza uwanja wa mpira uko wapi. Mie nkadhani kapotelewa na mtoto."

Tukarudi tulikotoka, tena mbio. Uwanjani tulimkuta mlinzi amesimama getini, amechanganyikiwa.

"Yumo ndani," alisema. "Kaniuliza kesho kipa wa Zanzibar anasimama goli lipi. Nkamwambia hatujui bado, na baada ya mapumziko wanabadilishana. Kasema basi ataomba dua kote kote."

Tulimwona kule goli la mbali, amesimama chini ya mtambaa wa panya, mikono ameinua, mfupi hata nguzo zile zikaonekana za jumba. Pandu akaenda mpaka karibu, kisha akasimama. Hakuthubutu kumkatiza. Bi Mize alipomaliza, akajipangusa uso kwa viganja.

"Shikamoo, bibi."

Hakugeuka haraka. "Nani huyo? Mjukuu wangu mie nshaona kawa bubu."

"Mimi, bibi. Pandu."

"Marahaba," alisema.

Sijui nikuelezeje faraja niliyoipata kwa neno hilo moja, ambalo nilikuwa nikilisikia kila siku nisilijali. Nikakaa chini kwenye majani nikicheka peke yangu. Maalim alitoa leso akajifuta macho, akasema ni jasho, nasi tukamwachia jasho lake.

Pandu akamweleza habari ya mganga na nyota. Bi Mize akacheka mpaka akaishika nguzo ya goli.

"Nyota yako? Niichukue nende nayo wapi, nikaipande kwenye mwani? Ningeitaka ningeichukua hujaota meno."

Maalim akamwuliza kilichomleta pale, baada ya mambo tuliyomfanyia. Akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida tu, "Nlitaka kupaona. Kesho nikisikiliza redio, wakisema kipa kasimama, nijue kasimama wapi."

Pandu akapiga magoti, akamtaka radhi. Bi Mize akamshika kichwa kwa mikono yake miwili iliyochanika kwa kamba za mwani.

"Radhi unazo tangu siku ile nliporudi pwani nikakuta hupo," alisema. "Mimi nlikuja kukuleteeni mihogo tu. Mshakula?"

Tukasema bado. Akatugombeza kwa hilo kuliko kwa lile jingine.

Alilala nyumbani kwa Maalim, na kesho yake hakuhitaji redio. Usidhani basi tulishinda. Tulitoka sare, na bao tulilofungwa lilipitia upande wangu. Nakwambia hivyo makusudi, usije ukaigeuza salamu ikawa hirizi nyingine. Salamu haifungi mabao. Lakini usiku ule kambi nzima ililala usingizi wa watoto, na Pandu alikoroma mpaka nikamrushia kiatu. Bi Mize aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mechi ya Pandu alikuwa na maoni. Ama yule mganga, timu ya kijijini kwake ilikuwa inafungwa kila wiki. Wazee walisema zamani, mganga hajigangi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nayo si ndefu. Utakapovaa jezi ile watakuzunguka watu wengi, na wengi wao watakwambia wa kumwogopa ni nani. Angalia wanamtaja nani. Wakianza na mama yako, na bibi yako, na jirani aliyekuwa akikupa maji ukitoka kucheza, jua kwamba hawakukingi, wanakutenga. Mwacha asili ni mtumwa. Fanya mazoezi, msikilize mwalimu wako, lala mapema, taka radhi kabla hujafunga begi. Ukishinda, shinda ukiwa mtu wa watu. Ukishindwa, utakuwa na pa kwenda kulia. Na mtu wako akija getini akakuita, sema "naam" kabla hajamaliza jina lako, hata kamati nzima ikikutazama. Si kila mmoja atapata bahati tuliyoipata sisi, ya kumkuta angali yupo.

Nenda, Mungu akuhifadhi na jeraha na jicho la hasidi, akupe pumzi mpaka dakika ya mwisho, akurudishe salama. Na siku utakaporudi ukabisha hodi kwenu, akujaalie awepo wa kukwambia karibu.