Kilo Zilienda na Treni

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, harufu ya breki zilizoungua ilifika stesheni yetu kabla ya lori lenyewe kuonekana. Nina uhakika na saa hiyo. Ilikuwa likizo ya Agosti, nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani ya ghala la mizigo nikimsubiri baba. Wakati huo nilikuwa na tabia ya kusoma kila kitu chenye namba. Harufu tulizozizoea pale zilikuwa nyingine: magunia ya katani yaliyolowa umande, udongo wa viazi, grisi ya mizani.

Wiki iliyopita nilipita soko la Gatitu na harufu ya katani mbichi ikanisimamisha. Gunia la viazi lilikuwa limeegemezwa ukutani na kilemba chake kichwani, yaani kile kipande cha neti kinachoshonewa mdomoni mwa gunia ili libebe zaidi ya uwezo wake. Sheria ya kupima viazi kwa kilo ipo. Nimeisoma neno kwa neno. Na gunia nalo lipo. Nilishikwa na hasira ambayo mwanamke wa rika langu hapendezi kuwa nayo sokoni, nikaona afadhali niiandike.

Stesheni yetu ilikuwa ndogo, kati ya Kiganjo na Naro Moru. Sitaitaja jina, maana wapo walio hai. Sikufika sekondari, kwa hiyo niliyoyajua kuhusu reli niliyasoma mwenyewe, katika vitabu vya kuazima. Vitabu hivyo vinaeleza jinsi njia ilivyopanda kutoka Thika, ikapita Murang'a na Karatina hadi Nanyuki, jinsi ilivyojengwa kwa ajili ya mazao ya wenye mashamba makubwa, na jinsi miji ilivyoota kando yake. Yote ni kweli. Lakini sijakutana na kitabu kinachotaja mizani.

Nyanya yangu alikumbuka siku za kuuza kwa debe na kwa jicho. Mnunuzi alijaza debe hadi liwe na kichuguu juu, akasema limejaa. Muuzaji akasema limemwagika. Aliyekuwa na sauti kubwa ndiye aliyeshinda, na mara nyingi hakuwa mwanamke. Kisha behewa likaja, na behewa halikubali mzigo usiojulikana uzito wake. Ndipo ilipowekwa mizani ndani ya ghala: jukwaa la chuma lililolingana na sakafu, na mkono mrefu wenye namba. Juu ya mkono huo kulitelezeshwa kipande kizito cha shaba ambacho sote tulikiita jiwe. Tangu hapo gunia la viazi lilikuwa kilo mia moja na kumi, awe amelileta mjane au chifu. Nyanya alisema, "Chuma hakina shemeji." Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo reli ilituletea. Pesa zilikuja na kwenda. Kilo ilikuwa haki.

Tukaipenda mizani hiyo kupita kiasi. Watu walipobishana kuhusu mbuzi wa mahari, mmoja alisema, "Twende kwa chuma," na ubishi ukaisha. Akina mama walipanda jukwaani na mtoto mgongoni, wakashuka, wakapanda tena bila mtoto, na mimi nikatoa tofauti kichwani. Mama mmoja mnene alinisihi nisome ya mtoto tu, yake niimeze.

Karani wa mizani alikuwa baba yangu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Karani, hata kanisani. Aliposema namba, namba hiyo haikurudiwa.

Mwaka ninaousimulia, mabehewa ya mizigo yalikuwa yameacha kusimama kwetu. Baba alibaki kulinda ghala, na mshahara wake uliendelea kuja. Naomba msomaji aliweke hilo akilini: hatukuwa na njaa.

Lori lililokuja Jumanne hiyo lilikuwa la Gathogo, broka wa viazi. Alivaa koti la ngozi na kucheka kabla hujamaliza kusema. Vijana wake walishusha magunia yenye vilemba na kuanza kujaza viazi vya Mama Kariuki, jirani yetu, mjane mwenye ekari moja na nusu na mtoto mmoja darasa la saba. Mama Kariuki aliwatazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Wewe kijana, hiyo gunia iko na shingo kama ya twiga. Mnajaza mpaka wapi? Mpaka mbinguni?"

"Mama, hiyo ni gunia tu kama zingine," Gathogo akasema.

"Basi ipeleke kwa chuma."

Wakaliburuta hadi jukwaani, vijana wakihema. Baba akatelezesha jiwe, nikasoma kwa sauti kabla yake: kilo mia moja na sabini. Bei ya Gathogo ilikuwa shilingi mia mbili na ishirini kwa gunia, yaani shilingi mbili kwa kilo kama gunia lingekuwa gunia. Kilo sitini alitaka kupewa bure.

"Sasa lipa gunia moja na nusu," Mama Kariuki akasema. "Hiyo kidogo imebaki juu nakuachia ya soda."

Watu wakacheka. Gathogo pia akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mizani. "Mama, mimi sinunui kilo, nanunua gunia. Kilo zilienda na treni."

"Treni imeenda, chuma iko hapa. Imwage hiyo."

Vijana wakalimwaga. Mchana huo wanawake kumi na wanne walikaa juu ya reli, wakapatana: hakuna kiazi kitakachopanda lori kabla ya kupanda mizani. Gathogo alirudi Alhamisi, akaondoka na lori tupu. Akarudi Jumatatu, akaondoka tupu tena. Jumatano iliyofuata alikubali. Alinunua kwa kilo magunia matatu ya Mama Kariuki, akalipa shilingi mbili kwa kila kilo, na akasema angerudi kuchukua viazi vilivyobaki. Nakumbuka Mama Kariuki akihesabu noti kisha akimwambia mwanawe, "Kariuki, hiyo sekondari utaenda. Anza kuzoea viatu."

Nasisitiza hapa kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mkulima wa kwetu hajui hesabu na ndiyo maana hupunjwa. Wanawake wale walijua hesabu. Walikuwa wameshinda.

Siku mbili baadaye, alasiri, Gathogo alikuja nyumbani kwetu. Nilimpelekea chai. Akanipa peremende na kusema, "Huyu ndiye msichana wa kusoma chuma? Utakuwa profesa wewe." Nilifurahi hadi masikio yakawa moto. Kisha baba akanituma nje nikafunge mbuzi ambaye tayari alikuwa amefungwa.

Kesho yake mkono wa mizani ulikuwa mtupu.

"Jiwe limechukuliwa Nairobi kukaguliwa," baba akawaambia wanawake. "Litarudi."

"Lini, Karani?"

"Si mbali."

Hakuna aliyemhoji zaidi. Walikuwa wamemwamini maisha yao yote kuhusu namba. Wangeachaje kumwamini kuhusu siku?

Siku ya nne mama alinituma nikatoe maharagwe ya mbegu kwenye debe chini ya kitanda. Mkono wangu uligusa kitu baridi. Kilikuwa kimefungwa ndani ya sweta langu la shule lililonibana: jiwe, na lile bonde dogo ubavuni ambalo nililijua kama ninavyolijua kovu la goti langu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo linaloniuma. Sikushuku chochote. Niliwaza kwamba baba amelificha ili Gathogo asiliibe, na kwamba hadithi ya Nairobi ni mtego aliomtegea. Nilijaa fahari. Nikalifunika kwa maharagwe na kuapa kwamba hata nikichapwa sitasema.

Jumapili, Mama Kariuki alinikuta mferejini. Viazi vyake vilikuwa vimerundikwa ghalani, vingine vimeanza kuwa kijani, vingine vimetoa macho. Aliniinamia.

"Nyambura, wewe huwa unaona mambo. Hiyo jiwe imerudi?"

"Bado iko Nairobi."

"Ukweli?"

"Haki ya Mungu."

Akanipa plamu mbili kutoka mfukoni. "Basi tungoje. Karani hawezi kutudanganya."

Nilikula plamu zote mbili nikienda nyumbani, nikijiona shujaa.

Wenzake Mama Kariuki waliuza kwa gunia, mmoja mmoja. Mwenye mgonjwa alitangulia, akafuata mwenye deni, kisha wengine kwa sababu hao wawili walishauza. Yeye alingoja siku tisa zaidi. Gathogo alipokuja mara ya mwisho, vijana walivikanyagia viazi ndani ya magunia kwa miguu, wakashona vilemba, wakajaza tena. Mama Kariuki alisimama kando, akihesabu. Magunia ishirini na mawili. Mimi pia nilikuwepo, nikishangaa kwa nini baba hakutoa jiwe, na nikajiambia bado anangoja wakati mzuri.

Juma hilohilo tulipata redio. Ilikuwa na mkanda wa ngozi na ilinukia plastiki mpya. Kila jioni niliiwekea sikio, na kwayo nikajifunza Kiswahili hiki ninachokiandika: habari, mashairi, mafunzo ya kilimo. Mtu akiniuliza nilisoma wapi, kwa miaka mingi nilijibu kwa kujivuna, "Kwa redio ya baba."

Kariuki hakwenda sekondari. Mama yake alikodisha shamba, wakahamia Kenol, akawa anachoma mahindi kando ya barabara kuu. Jiwe lilirudi kwenye mkono wa mizani mwezi mmoja baadaye, na baba akasema limepasi. Lakini hakuna aliyeleta gunia tena. Desturi ikivunjwa katika msimu mmoja, msimu unaofuata watu huona aibu kuidai. Watoto wa rika langu walikua wakijua kwamba gunia lina kilemba kama ng'ombe anavyokuwa na pembe.

Nilikuwa nimepita miaka arobaini nilipomuuliza baba. Alikuwa amezeeka, nilikuwa nikimkata kucha za miguu, na kwenye taarifa ya habari walikuwa wakishangilia kwamba reli ya kwetu imefufuliwa. Sikuzunguka. Nilimuuliza Gathogo alimpa nini.

"Kwani hiyo maneno bado unaibeba?" akasema. "Si ndiyo ilinunua redio? Ulikuwa unaipenda." Akataja kiasi, kwa sauti ileile aliyosomea uzito, na kuniletea mguu wa pili.

Niliumaliza mguu wa pili. Sijui kwa nini niliumaliza. Nilikuwa nataka kumpiga.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu kwenye karatasi. Kilo sitini kwa magunia ishirini na mawili ni kilo elfu moja mia tatu na ishirini. Kwa bei ambayo Gathogo mwenyewe alishaikubali, shilingi elfu mbili mia sita na arobaini. Hiyo ni ya mwanamke mmoja, msimu mmoja. Wengine kumi na watatu sikuwahesabu, kwa sababu kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Treni haikutuibia chochote ilipoondoka. Ilituachia chuma, na sisi wa nyumba ya Karani ndio tuliokifanya kuwa bubu: baba kwa kujua, mimi kwa kuapa.

Mama Kariuki alikuwa amefariki. Mwanawe ana kibanda cha kuziba pancha pale Kenol. Nilimkuta akiwa na gurudumu mapajani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: debe, sweta, mferejini, plamu. Hakuniangalia. Alisugua kiraka kwa msasa muda mrefu kuliko kiraka kinavyohitaji.

"Mama alikuwa anasema ni Gathogo aliloga chuma," akasema mwishowe. Akaweka msasa chini. "Karani alipewa ngapi?"

"Mia nne."

"Elfu?"

"Hapana. Shilingi mia nne."