Mchanga Mkavu wa Baba

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Changamwe mtu akishavuka kizingiti na mfuko wake begani hakuitwa tena. Akisahau miwani, basi atasoma kwa kukodoa macho. Akisahau chakula, atakula kwa wenzake. Ukimwita akageuka, umeivunja safari yake, na litakalomkuta huko aendako utalibeba wewe uliyemwita. Hiyo ilikuwa sheria ya Hawe, ndivyo tunavyomwita bibi sisi watu wa Rabai, na katika nyumba ile ya vyumba viwili sheria za Hawe zilifuata mara tu baada ya Amri Kumi. Siku nyingine zilitangulia.

Hawe, mamake baba, alikuwa mtu wa kanisa. Ibada ya Jumapili hakuikosa, na hakuona ugomvi wowote baina ya Mungu na yale mambo yake mengine. Usiku hakufagiwi. Bundi akilia juu ya paa, chumvi hutiwa motoni. Ukijikwaa kidole cha mguu wa kushoto, kaa kwanza ndipo uendelee. Mama yangu, ambaye kwao ni Taita, aliyasikiliza yote hayo huku akichambua mchicha na kuitika, "Ndiyo, Mama," kwa sauti ya mtu anayekubali kwamba leo kuna joto.

Baba alikuwa dereva wa treni. Injini yake ilikuwa ya dizeli, ya zamani, imebabuka rangi na kutiwa viraka, na ilikuwapo kazini kabla yeye hajaajiriwa. Ilivuta makaa ya mawe yaliyoshushwa na meli bandarini, ikayapeleka bara kwenye kiwanda cha saruji. Taabu ya safari ile ilikuwa mwanzoni, si mwishoni. Ukishapita Miritini, reli inaanza kupanda kwenda Mazeras, na mabehewa ya makaa ya mawe hayana huruma. Siku za jua mlima haukuwa neno. Masika yakiingia na reli zikilowa, magurudumu yalizunguka palepale kama mtu anayekimbia juu ya sakafu iliyomwagikiwa sabuni.

Dawa yake ni mchanga. Injini ina masanduku ya mchanga, na dereva akifungua, mchanga humwagika mbele ya gurudumu, nalo likapata pa kukamata. Lakini sharti uwe mkavu. Ukiwa na unyevu hata kidogo huganda ndani ya bomba, usitoke.

Masika ninayoyasimulia, jua lilipotea kabisa, na mchanga uliokuwa ukianikwa nje kwenye uwanja wa treni ukawa tope. Baba akaamua kuukausha nyumbani. Alitia mchanga kwenye karai, akaliweka juu ya jiko, akaugeuza kwa mwiko kama mtu anayekaanga karanga. Ukishapoa aliuchekecha kwa chekecheo la Mama la unga na kuujaza kwenye ndoo mbili ndogo zenye vifuniko. Mama alililia chekecheo lake. Ile injini alikuwa akiiita mke mwenza.

"Mke mwenzangu leo anapikiwa nini?" angeuliza. "Maana mimi na watoto jiko letu limechukuliwa."

Tulicheka, lakini chini ya kicheko hicho palikuwa na hofu. Injini ya Baba ilikuwa imekwama mlimani mara mbili, ikabidi iletwe nyingine kuisukuma. Wakubwa wakasema safari ijayo mkaguzi atapanda naye, na ikishindwa tena itapelekwa ikakatwe iwe chuma chakavu. Baba hakuwa amefunzwa injini mpya zilizokuwa zimeanza kuletwa. Kwa umri wake hakuna ambaye angehangaika kumfunza, kwa hiyo angepumzishwa pamoja nayo. Na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inarudishwa. Mimi nilikuwa darasa la saba. Niliwasikia wazazi wangu nyuma ya pazia wakisema kwamba ikiwa hivyo, tutahamia Rabai, na habari ya Kadzo kwenda sekondari itabidi ingoje. Kadzo ni mimi. Nililala na neno hilo, "ingoje", na sikulipenda hata kidogo.

Asubuhi ya mkaguzi ikafika. Baba hakunywa chai. Alisimama katikati ya chumba, Mama akaomba kwa ufupi, sote tukasema amina, naye akachukua mfuko wake akatoka. Nilipokwenda kufunga mlango nikaziona ndoo mbili za mchanga nyuma yake, na vifuniko vyake. Mama naye akaziona. Nje, Baba alikuwa hajafika hata kwenye bomba la maji.

Mama akafungua kinywa.

"Usimwite," akasema Hawe, aliyekuwa ameketi mkekani na kikombe chake.

"Mama, ni mchanga wake. Na leo ndiyo leo."

"Nimeuona. Usimwite."

"Basi Kadzo amkimbilie ampe."

"Kumkimbilia nyuma ni kumwita kwa miguu."

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sauti yake ingefika bombani na kupitiliza. Nilimtazama nikingoja aite, nikamwomba kimoyomoyo aite, nikamkasirikia Hawe kwa hasira ambayo nilikuwa sijawahi kuthubutu kuwa nayo kwake. Mama akabaki na mkono juu ya kitasa. Baba akapita bomba, akakata kona, akapotea.

Mama akaurudisha mlango, akauliza taratibu, "Na akikutwa mbele?"

Hawe akafikiri. "Mbele si nyuma," akasema mwishowe. "Akikutwa mbele, amepokewa."

Njia ilikuwapo. Baba angechukua injini kwanza aiteremshe bandarini, afunge mabehewa, kisha apande nayo kupita Changamwe hadi stesheni ya Miritini, ambako treni ya makaa husimama kungoja ipewe njia. Kwa hiyo asubuhi yote ilikuwa yetu. Mama alijifunga leso, akajitwika ndoo moja, nyingine tukaishika mimi na yeye huku na huku, tukaenda barabarani kutafuta gari la Miritini. Tuliposhuka mvua ikaanza. Tulikuwa na mwavuli mmoja. Mama aliufungua, akaziweka ndoo pamoja chini, akaufunika mwavuli juu yake, na sisi wawili tukasimama kando tukilowa kama mabata. Waliopita walitutazama. Mmoja akamuuliza Mama kama ndani mna maziwa.

"Mna chakula cha mke mwenzangu," Mama akamjibu, na yule mtu akaenda zake akitikisa kichwa.

Treni ilikuja karibu na adhuhuri, polepole, ikasimama mbele yetu. Baba alichungulia dirishani. Nyuma yake alikuwapo mkaguzi, kijana mwenye koti la mvua, na Otieno, msaidizi wa Baba, mtu wa Kisumu aliyezoea kutuletea samaki wakavu akitoka likizo. Baba alizitazama ndoo, akatutazama sisi tulivyolowa. Nadhani alikuwa ameshakumbuka njiani, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujilaumu.

"Mbona hamkuniita? Nilikuwa hapo bombani tu."

"Kamuulize mamako," akasema Mama.

Nilidhani Baba atakasirika. Hakukasirika. Alitazama chini kidogo, akasema, "Haya. Ahsanteni," akashuka kuzipokea ndoo mwenyewe.

Otieno alifunua moja akatia mkono. "Shemeji, huu umekauka kutushinda sote," akasema.

"Umetoka wapi?" akauliza mkaguzi.

"Jikoni," akajibu Otieno, akaanza kuumimina kwenye sanduku.

Hatukuondoka treni ilipoondoka. Tulikwenda kusimama chini ya ukingo wa paa la stesheni tukasikiliza, maana mlima ule kwa mvua hauonekani, lakini unasikika. Mtoto wa dereva hujifunza kusikiliza injini kabla ya kujua kusoma. Ikivuta vizuri, ngurumo yake ni nzito na ya polepole, unaisikia tumboni. Magurudumu yakiteleza, ngurumo ile hukatika ghafla na kuwa mlio mwepesi wa mbio, na hapo unajua haiendi popote. Tulisikia uzito. Ukaendelea, ukaendelea. Kisha ukakatika.

Mama alinishika bega, kucha zake zikaniingia. Ule mlio wa mbio ulipanda, na mimi nikaliona darasa langu, nikauona mkoba wangu wa shule umetundikwa ukutani Rabai. Nikasema moyoni kwamba ni Hawe huyu, ni Hawe na mambo yake. Halafu uzito ukarudi. Mchanga ulikuwa umefika chini ya gurudumu. Ngurumo ikapanda mlima, ikawa ndogo, mvua ikaimeza, na kwa muda hatukusikia kitu. Hatukujua kama imepita au imesimama. Tukangoja. Ndipo kwa mbali sana ikalia honi, ndefu, ile aliyoipiga Baba kila akishavuka kona mbaya ya juu ya mlima.

"Twende nyumbani," akasema Mama. "Nimeacha nguo nje."

Tulimkuta Hawe mkekani palepale tulipomwacha. Chai yake ilikuwa imepoa imefanya utando juu. Kumbe hakuwa ameinuka tangu asubuhi.

"Amepanda?" akauliza.

"Amepanda, Mama."

Hawe akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na hasira yangu yote niliyoibeba kutoka Miritini ikakosa pa kuwekwa. Mama akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa zimekwisha lowa, nadhani makusudi, ili atuache. Nikakaa na bibi yangu.

"Babu yako naye alikuwa wa reli," akaniambia. "Kazi yake kufunga na kufungua mabehewa. Siku hiyo ametoka, nikaona amesahau muhogo wake nilioufunga kwenye kitambaa. Nikamwita. Akarudi, akauchukua, akanicheka. Kurudi huko kukamchelewesha, akaenda mbio. Akakuta mabehewa yashaanza kwenda. Akadandia, mkono ukateleza. Babako alikuwa mgongoni mwangu, hajui kutembea."

Nilimwondolea kile kikombe, nikaenda kumchemshia chai nyingine.

Ile injini ilifanya kazi mwaka mmoja na ushei baada ya hapo, kisha ikakatwa kama walivyosema. Baba akastaafu, wakahamia Mikindani. Mimi nilikuwa nimekwisha ingia sekondari, ya bweni, na hakuna aliyeweza kunitoa. Mwaka ule mmoja ndio uliokuwa unatakiwa, basi. Hawe tulimzika Rabai nikiwa kidato cha tatu.

Nilipokuwa mtu mzima niligundua jambo ambalo lingenishangaza utotoni. Nilidhani nyumba zote za reli zilikuwa na sheria yetu. Niliwauliza niliokua nao. Wengine waliwahi kuusikia kwa wazee wao msemo wa kutomwita msafiri, lakini kwao watu waliitwa nyuma kila siku, wakarudi kuchukua kofia zao na kwenda kazini salama. Hakuna aliyewahi kubebewa kitu akazungukwa mbele. Kuufanya msemo ule kuwa sheria kulikuwa kwa Hawe peke yake.

Mume wangu huendesha lori la mafuta. Mwezi uliopita alitoka akaacha simu mezani, na alikuwa bado yuko getini. Jina lake lilinifika kooni likakaa hapo. Nilichukua simu, nikapitia uchochoro wa nyuma, nikamngoja barabarani. Aliniuliza kwa nini sikumwita tu, nikamwambia ni habari ndefu, aende salama. Nilipomsimulia Mama alicheka hadi akafuta macho.

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza. Yeye alikuwa haamini hata mojawapo ya mambo yale. Mbona asubuhi ile, na nyumba ilikuwa inatutoka mikononi, hakumwita Baba?

"Babako alikwisha nieleza habari ya babu yako, tangu nilipoolewa," akasema Mama. "Ningemwita, angerudi, angechukua ndoo zake akaenda, na pengine yasingetokea yoyote. Lakini yule mama angekaa pale mkekani siku nzima akimngoja mumewe afe tena. Ndoo mbili za mchanga ni nini, Kadzo?"