Pikapu Laini Yaenda Kumchukua Mama Mkwe

Maneno alinunua pikapu kwa sababu, kwa maoni yake, wanaume wa Kibaha wenye heshima zao huendesha pikapu. Kuipakia mzigo lilikuwa jambo jingine. Mchanga ungechubua rangi, kuku wangeacha harufu. Nyuma alikaza turubai jeusi, na chini yake hakukuwa na kitu.

Siku alipomfuata mama mkwe wake, Bi Mwanakheri wa kijiji cha Marui, Maneno alikataa magunia ya muhogo aliyopewa zawadi, hata moja. Njiani mama wa watu alirushwa kwenye kila shimo mpaka mtandio ukahamia shingoni. Walipofika Kibaha alishuka kashika kiuno.

"Ahsante, baba," alisema. "Lakini gari hili linalorusha sipandi tena."

Sasa Hajira, mke wa Maneno, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na alimtaka mama yake. Hakutaka dada wala jirani. Mtoto akilia, naye analia. Na mama mzazi haendi kumwogesha mjukuu kwa basi wakati mkwe ana gari. Marui nzima ingecheka.

Mtu mwingine angeweka mto kwenye kiti. Maneno akaangalia video. Humo alimwona bwana mmoja aking'oa springi za nyuma, zile bapa za chuma zinazolaliana, akafunga koili laini, springi za kujisokota, na ekseli inayobeba magurudumu ikashikiliwa na mikono ya chuma. Gari likapita mashimoni kama linaomba radhi. Maneno akapeleka pikapu kwa Silvanus, fundi wa pale Kwa Mathias.

"Bosi, tukifunga hivi, mzigo mzito usahau," Silvanus alimwambia.

"Kwani mimi kuli?"

Kazi ilipokwisha, pikapu ikawa laini kweli, tusimnyime Silvanus haki yake. Maneno akaizungusha mjini, kila mtu wa ofisini apande aonje, huku nyumbani Hajira anauliza mama atafika lini. Hatimaye akashika njia ya Marui.

Alimkuta Bi Mwanakheri uani, kavaa khanga mpya, kakaa juu ya gunia. Pembeni kulikuwa na magunia mengine ya muhogo, nazi, kuni za kuchemshia maji ya mzazi, kuku, na kinu na mchi wake. Hivi kweli Maneno alidhani mama angemwendea mzazi mikono mitupu? Alidhani. Video haikusema lolote kuhusu mama mkwe.

Majirani wakapakia. Magunia yakaiinamisha pikapu, kuni zikaizamisha. Kinu kilipowekwa, bodi ikakalia matairi na taa za mbele zikatazama minazi. Maneno akakanyaga mafuta. Matairi yakasugua bodi, yakanuka mpira ulioungua.

"Mama, mizigo tuiache. Nitakununulia yote Kibaha," alisema, macho chini.

"Nimpelekee mwanangu muhogo wa kununua?" Bi Mwanakheri hakupandisha sauti. "Shusheni. Mwiteni Ally."

Ally, jirani, akaja na pikapu yake kuukuu, bapa zake zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Mzigo ukahamishwa wote, na Bi Mwanakheri akapanda nao, maana mzigo wake haachani nao. Maneno akafuata nyuma peke yake, kwa ulaini usio kifani, akila vumbi hadi barabara ya lami.

Kibaha, bibi alishuka mwepesi, akamkumbatia Hajira aliyekuwa analia na kucheka.

"Ahsante, Ally. Gari lako halirushi kabisa."

Hakusema uongo. Springi za bapa hurusha gari likiwa tupu, likipakiwa hutulia. Na pikapu ya Maneno ingetulia siku ile ya kwanza, kama angekubali kupakia. Alilijua hilo pale pale mlangoni, na lilimuuma.

Bi Mwanakheri alikwishampokea mjukuu. Akageuka.

"Baba, hicho kinu kilete ndani."

Maneno akainama na shati lake jeupe, akakibeba begani.