Mkeka wa Wafiwa

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri.

Mwenye nyumba wetu anataka tuhame mwisho wa mwezi, amwingize mpangaji wa bei kubwa. Nyumba ni yake, simlaumu. Ila vyumba ninavyoviweza hapa Tanga sivioni. Asubuhi nikasikia kuna mzee, mpangaji aliyeishi peke yake kule Usagara, kafariki. Mungu anisamehe, nilichowaza kwanza ni chumba.

Nikajitanda kanga, nikaenda msibani niwawahi madalali. Nilipanga nimpe pole mwenye nyumba wa huko, Bi Mwanaidi, kisha nimnong'oneze shida yangu. Lakini mlangoni nikaona mkeka wa wafiwa mtupu, marehemu hana hata ndugu mmoja, nikalia kweli.

Bi Mwanaidi akanikumbatia. "Umefika, mwanangu! Kutoka Horohoro mpakani si karibu. Baba yako kakutaja mpaka mwisho."

Nilipaswa kusema palepale kuwa mimi si bintiye. Sikusema. Nikakalishwa mkekani, wanawake wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja, na mimi macho yangu yanapima dirisha la chumba.

Baada ya adhuhuri akaingia mwanamke na begi lake, kalowa chapachapa, analia, "Baba! Baba yangu!"

Bi Mwanaidi akanigeukia taratibu. "Na wewe, mama, ni nani?"

"Nilikuja kuulizia chumba."

Niseme haki, Bi Mwanaidi hakunitukana. Aliuliza tu, "Una watoto?" Akanifungia chakula.

Jioni tumekula wali na maharage ya msibani. Mwanangu mdogo akauliza harusi ilikuwa ya nani.