Picha ya Watu ya Huku

Memsabu, yule mzungu wa chama chetu cha akina mama, alijua Kiswahili cha kuagiza maji ya moto, na kwa Kiswahili hicho hicho akatutangazia kwamba tutapelekwa Nairobi. "Nyinyi takwenda ona picha," alisema. "Picha ya watu ya huku."

Wenzangu walisikia Nairobi. Mimi nilisikia picha ya watu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Sisi wa upande wa Manyatta, huko Embu, tulikuwa tumeshatolewa mashambani tukapangwa kijijini, nyumba zimebanana, handaki lenye miti iliyochongwa likituzunguka. Mume wangu alichukuliwa na askari wakati mtoto wetu hajaanza hata kukaa, na tangu hapo hatukupata neno lake. Picha pekee nilizozijua mimi ni zile walizopigwa watu wakishashikwa, kila mmoja na kibao chake kifuani. Kwa hiyo nikaelewa hivi: serikali imezikusanya zile picha huko Nairobi, na akina mama wenye adabu, waliokubali kujifunza kushona na kuoka keki, wataruhusiwa kwenda kuwaangalia watu wao. Usinicheke. Mambo ya ajabu kuliko hayo yalifanyika siku zile na hakuna aliyeshangaa.

Nilikuwa na shida nyingine ambayo sikuweza kumwambia mtu. Nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake. Nililelewa kwamba mke hamkodolei mumewe macho. Ukimpa chakula unaangalia bakuli, akizungumza unaangalia moto. Basi nilikuwa mke mzuri. Nilijua mikono yake, kikohozi chake, na jinsi alivyoinama kuingia mlangoni. Lakini nikijaribu kuukumbuka uso wenyewe, unakuja nusu halafu unapotea. Mtoto aliponiuliza baba anafanana na nani, nilimwambia anafanana na yeye, nikashika mtungi nikaenda mtoni.

Habari ya zile picha nilimweleza mama mkwe peke yake. Aliniomba nimtazame vizuri mwanawe, nione kama amekonda.

Tuliondoka Embu kwa lori la serikali, kundi zima kwa kibali kimoja. Wenzangu wengi walikuwa na waume nyumbani, na baadhi ya waume hao walikuwa homugadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali. Waliimba njia nzima. Pembeni yangu kwenye benchi waliweka kikapu cha viazi vitamu, ambapo angekaa mtu, na mimi nikakikumbatia kikapu ili kisianguke.

Nyumba ya kwanza ya picha ilikuwa na sakafu inayong'aa, tukavua viatu bila kuambiwa, wale waliokuwa navyo. Ukutani kulikuwa na farasi wa buluu, na mwanamke mwenye macho yote upande mmoja. Akina mama walizibana midomo kwa khanga wasicheke mbele ya wazungu. Mimi nilipita haraka haraka, nikitafuta mlango wa chumba cha pili, kwa sababu nilidhani watu wetu wamewekwa ndani zaidi. Hapakuwa na chumba cha pili.

Tulipoingia nyumba nyingine, nilishindwa kuvumilia. Nilimwendea memsabu nikamuuliza picha za watu wa huku kwetu ziko wapi. Alifurahi sana. Alinishika mkono, mara ya kwanza kunishika, akanipeleka mbele ya picha kubwa ya rangi. Alisema mchoraji wake alikuja mpaka Embu kuichora.

Pichani alikuwa mwanamume amesimama shambani, ameegemea jembe. Mabega yalikuwa mapana, la kushoto limeshuka kidogo, kama la mtu aliyezoea kubeba upande mmoja. Nikasogea nimtazame usoni. Juu ya mabega palikuwa na kofia, na chini ya kofia palipakwa rangi ya udongo tu. Hapakuwa na macho, wala pua, wala mdomo.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Hii iko mtu yoyote tu, mama," alisema. "Mtu yoyote ya Embu."

Nyuma yangu mke wa homugadi mmoja aliwaambia wenzake kwamba eti ninatafuta bwana ukutani. Walicheka sana. Niligeuka nikamwambia wa kwake hana haja ya kuchorwa, kwani kila mtu kijijini anamjua kwa kiboko chake. Mpaka tunarudi hakuna aliyenisemesha, hata wa kunipa kiazi hakuwapo, na kikapu kilikuwa mapajani mwangu.

Yule mwanamke sikumwonea haya. Kilichoniuma ni ile picha. Nilisimama mbele yake mpaka nikaitwa, kwa sababu hivyo ndivyo mume wangu alivyobaki kichwani mwangu: mabega, kofia, kisha udongo.

Tulifika kabla ya kafyu, ile saa ya kukatazwa kutoka nje. Mama mkwe alikuwa ameketi mekoni, mtoto amelala mgongoni mwake. Aliniuliza kama nimemwona.

"Nimeona picha," nikasema. "Uso bado hawajauweka."

Hakushangaa. Alisukuma kuni ndani, akasema wangemuuliza yeye, angewaambia. Akaanza kunieleza uso huo. Mashavu ya mviringo, alisema. Pengo hapa mbele, na kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi, na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Alieleza kwa furaha, mkono wake ukichora hewani, na mimi nilimtazama usoni, nikangoja nimwone mume wangu akija.

Hakuja. Mama alikuwa akinieleza mwanawe alipokuwa bado mtoto mdogo wa kuchunga mbuzi. Yule mwanamume aliyenioa hakuwa na mwingine wa kumkumbuka ila mimi, na mimi nilikuwa nimebaki na mabega.